Mvumo wa Mashine ya Silas

Abdinur, fundi wa Garsen, si mtu wa kuogopa mashine. Keshafungua redio za mbao, televisheni zile za mgongo mkubwa, simu zilizotumbukia chooni, hata mzani wa muuza nyama mmoja aliyekuwa akipunja watu. Mzani ule aliunyoosha, na muuza nyama akamnunia mpaka leo. Lakini siku Priscilla aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda chake, akiwa amepakata sanduku lililofungwa kwa kanga, moyo ulimpiga paa. Alilijua sanduku lile kabla kanga haijafunguliwa.

Alijuaje? Alilitengeneza mwenyewe, yeye na Silas Kaviha, marehemu mume wa Priscilla, enzi zile wote wawili wana nywele nyeusi na hawana akili. Ndani yake mlikuwa na amplifaya ya valvu, yaani zile taa za kioo za redio za zamani, ambazo ukiziwasha zinachukua muda wao, zinaanza kuwa nyekundu taratibu, halafu ndipo sauti inakuja. Vijana wa siku hizi ukiwaambia redio ilikuwa inangojewa ipate joto kama chai, wanakutazama wakikuonea huruma.

Priscilla alikuja na maneno machache. Nyumba yake ya Kulesa mafuriko yalikuwa yameipasua ukuta wa upande wa mto, na mwanawe Griffin alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua akakae naye Malindi. Hakutaka kwenda, ila kubishana na Griffin alikuwa amechoka. Alitaka kitu kimoja tu. Amsikie Silas akiimba mara moja ndani ya nyumba aliyoijenga, kupitia mashine aliyoitengeneza, kama zamani, halafu afunge mlango.

"Maji yaliingia, shemeji," akasema, akiweka kiganja juu ya sanduku. "Kaseti niliiokoa. Hii sikuweza, nzito."

Abdinur akamjibu kwamba asiwe na shaka, Jumamosi asubuhi ataileta mwenyewe. Akamwomba na kaseti ile ili aijaribie. Priscilla akakataa katakata. Kaseti ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, mkebe unaning'inia darini, na haitoki kwake mpaka siku yenyewe. Mtu aliyeokoa kaseti akaacha vyombo viende na maji huwezi kumlaumu.

Sasa, kaseti ile na mashine ile zina kisa chake, na kisa chenyewe kilianza na ndege. Silas alikuwa mkulima wa mpunga. Mpunga ukianza kukomaa kule bondeni, kwelea wanakuja kama wingu, na mwenye shamba hana usingizi. Anakaa juu ya ulingo kutoka alfajiri hadi jua lizame, anapiga kelele, anarusha matope kwa teo, anaimba. Silas alikuwa na sauti nzuri na uvivu mzuri vilevile. Akapata wazo. Kwa nini asijirekodi akiimba ule wimbo wake wa kuwinga ndege, kaseti ikaimba shambani kwa sauti kubwa, yeye akalala kivulini?

Akamwendea Abdinur. Wakati huo Abdinur alikuwa kijana wa Kiorma aliyetoroka ng'ombe. Kwao Minjila baba yake alimwona kama mtu aliyerogwa, mtoto wa mfugaji anayeacha ndama akakaa na nyaya. Watu wa ng'ombe na watu wa mto hawakuwa na mazoea ya kutembeleana ovyo, lakini Silas alivuka na kivuko akaja na samaki wa kukausha, akasema amesikia kuna mwendawazimu Garsen anayependa redio, naye ni mwendawazimu wa pili.

Wakaitengeneza. Valvu walizitoa kwenye redio kubwa ya mbao aliyoiacha bwana shamba mmoja alipostaafu. Transfoma ndiyo ilikuwa kazi. Transfoma ni lile donge la chuma na waya linaloupokea umeme wa jenereta na kuupandisha kufikia kiwango wanachotaka valvu, na la ukubwa ule halikupatikana popote. Silas akatafuta mota iliyoungua ya pampu ya maji, akatoa waya wake, akakaa barazani akauzungusha kwa mkono, raundi juu ya raundi, akihesabu kwa sauti, na yeyote aliyepita akamsalimu alimfanya aanze upya. Watu wakaanza kupita makusudi.

Ilipowashwa, iliimba. Ila ilivuma pia. Mmmmmmm, chini kwa chini, bila kukoma, kama ng'ombe aliyelala anacheua. Vyuma vya transfoma ile havikubanwa sawasawa, na mvumo uliingia mpaka kwenye spika. Abdinur akasema mashine inakoroma. Silas akasema mashine haikoromi, inapumua. Huo ndio ugomvi wao wa kwanza, na walidumu nao maisha yote.

Kwelea nao? Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya pili walisita. Baada ya hapo walizoea, wakawa wanatua juu ya spika yenyewe, wanamsikiliza Silas huku wanakula mpunga wake. Kulesa nzima ilicheka. Lakini wimbo watu waliupenda, hata baadaye Silas akaurekodi upya usiku mmoja nyumbani, na kuanzia hapo hapakuwa na arusi wala Krismasi bila mashine ya Silas. Jenereta inapelekwa mbali huko migombani, waya unavutwa, mvumo unaanza, watoto wananyamaza, na hapo kila mtu anajua sauti inakuja.

Na Abdinur kila alipopata nafasi alikwenda Kulesa kupambana na mvumo ule. Leo anakwenda na kapasita mpya, mwezi ujao anakwenda na wazo la kuhamisha waya. Priscilla anapika wali na samaki, Silas anakaa pembeni anamwangalia mwenzake akitokwa jasho, na ikifika mahali ambapo Abdinur anakaribia kuupata ugonjwa wenyewe, Silas anasema, bwana, jua linakwenda, chakula kinapoa, hilo liache mpaka siku nyingine. Abdinur alikuwa akipandwa na hasira. Alimwona rafiki yake mbishi, mtu asiyetaka kukubali kwamba transfoma aliyoizungusha kwa mikono yake ina kasoro.

Ukaja mwaka ule mbaya, ambao watu wa ng'ombe na watu wa mto walikuwa hawatazamani, na wengine walifanyiana mambo ambayo hayasimuliwi mbele ya watoto. Abdinur hakuweza kwenda Kulesa, na Silas hakuweza kuja Garsen. Siku moja simu ikalia. Ni Silas. Hakuuliza habari, hakutaja vita. Alisema tu, "Abdi, bado inavuma." Akakata. Abdinur alikaa kwenye kile kibanda chake akalia, mtu mzima na ndevu zake, kwa sababu alijua rafiki yake yu hai. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa salamu yao. Silas akipiga simu, bado inavuma. Hata simu ya mwisho, akiwa kitandani, miguu imekwisha kwa sukari, pumzi ndogo, alisema hivyohivyo.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini Abdinur alipofungua sanduku na kuiona transfoma, alilifunga tena kwanza. Maji yalikuwa yamekaa ndani yake. Kutu imekula vyuma, waya umeoza, na mahali mtu fulani alipojaribu kuiwasha ikiwa mbichi pameungua peusi. Valvu zilikuwa salama. Spika salama. Transfoma imekufa.

Alijaribu kutafuta njia. Aliulizia Hola, aliulizia Mombasa. Fundi mmoja wa Mombasa alimcheka kwenye simu, akamwambia hakuna anayezungusha transfoma ya valvu siku hizi, atumie sapulai ya swichi. Abdinur alikata simu kwa ukali. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kulifikiria hilo, na alikuwa akilikimbia.

Sapulai ya swichi ndiyo iliyomo kwenye kila kitu siku hizi, chaja ya simu, kompyuta, king'amuzi. Ni kidude chepesi unachoweza kutia mfukoni. Badala ya donge la chuma, chenyewe kinawasha na kuzima umeme haraka haraka, maelfu kwa maelfu ndani ya sekunde moja, mbio ambazo sikio la mtu halizifikii. Kinakunywa umeme wa betri ya sola na kuupandisha hadi pale valvu zinapotaka. Na hakivumi. Hapo ndipo penye shida. Dawa aliyoitafuta ujana wake wote imekuja sasa, ameiagiza Nairobi ikaletwa na basi ndani ya bahasha, na hana wa kumtambia.

Mkewe, Kadra, alimkuta amekaa anaitazama bahasha.

"Baba Dahabo, umekuwaje?"

Akamweleza. Kwamba akiitia hii mashine itanyamaza kimya, na Priscilla ameomba iwe kama zamani. Kadra akasema si amtilie mvumo wa uongo, arekodi kitu chochote kinachovuma, hata friji. Alisema kwa utani, lakini Abdinur alilifikiria jambo lile kweli, mpaka akaona aibu. Mjane wa Silas umdanganye kwa friji?

Basi akafunga mikono ya shati. Kazi yenyewe haikuwa mteremko. Alipowasha mara ya kwanza, sapulai ilifanya tik, tik, tik, ikakataa kuamka. Alihangaika nayo kutwa ndipo akaona kosa ni lake. Valvu zikiwa baridi zina njaa kubwa. Zinauvuta umeme kwa pupa, na kidude kile, ambacho kina woga wa kuungua, kinajizima. Transfoma ya Silas haikuwa na woga huo, ilikuwa ikivumilia tu, inakoroma zaidi kidogo halafu inaendelea. Akatoa kwenye kompyuta mbovu kile kipande cheusi mfano wa kifungo cha koti, ambacho kikiwa baridi kinaubania umeme na kikipata joto kinauachia pole pole. Akakitia katikati. Valvu zikawaka taratibu, nyekundu, kama zamani, na Abdinur akajikuta anatabasamu peke yake.

Halafu ukaja mluzi. Mwembamba, kama mbu sikioni, umeingia kwenye sauti kutoka kwenye zile mbio za swichi. Akasokota nyaya mbili mbili, akaifungia sapulai ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akaupeleka mkebe pembe ya mbali na valvu ya kwanza. Mluzi ukakoma. Akaweka kaseti yake ya nyimbo za arusi za Kiorma, na wanawake wa Minjila wa miaka ile wakapiga vigelegele kibandani mpaka muuza nyama akachungulia. Sauti ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Aliinamisha sikio mpaka kwenye nguo ya spika kabla ya wimbo kuanza na baada ya kuisha. Hakuna kitu. Kimya.

Alipolinyanyua sanduku, lilikuwa jepesi kama boksi la viatu. Hilo lilimuuma zaidi ya kimya chenyewe. Priscilla ndiye aliyekuwa akilibeba kichwani kwenda kwenye arusi za watu, na angejua mara moja kwamba moyo wake umetolewa. Basi akafanya jambo ambalo fundi mwingine angemwona ana wazimu. Alichukua transfoma iliyokufa, akaipiga brashi kutu, akairudisha mahali pake na kuikaza kwa nati, bila kuiunga na waya wowote. Ikakaa pale kama mzee aliyestaafu anayekuja ofisini kukaa.

Jumamosi akaenda Kulesa na sanduku, betri, na deki ya kaseti. Paneli ya sola Priscilla alikuwa nayo juu ya bati. Nje, Griffin alikuwa anafunga magodoro kwenye pikapu, akamwamkia Abdinur kwa heshima na kumwambia kwa upole kwamba wangependa kuondoka kabla ya jua kali. Ndani palibaki kigoda, kiti kimoja, meza, na ule ufa ukutani ambao mwanga wa mtoni ulipenya. Abdinur alikuwa amekula wali chumba kile asijue mara ngapi. Alikumbuka Silas alivyokuwa akikaa, mguu mmoja juu ya kigoda.

Priscilla akalinyanyua sanduku kidogo, akaupima uzito. Akaridhika, akaliweka mezani. Abdinur akaunga nyaya, akawasha. Priscilla akaweka kiganja juu ya mbao kama alivyozoea, kwa sababu mvumo ule mtu aliusikia kwa mkono kabla hajausikia kwa masikio. Akangoja. Valvu zikaanza kuwa nyekundu.

"Haijawaka," akasema.

"Imewaka, shemeji."

"Mbona haivumi?"

Abdinur akaanza kueleza. Akaeleza mafuriko, akaeleza kutu, akaeleza swichi na mbio zake, akaeleza hadi kifungo cha koti, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mjinga. Akakiri na transfoma, kwamba imo lakini haifanyi kitu. Priscilla hakukasirika. Alikuwa anatazama zile taa. Kisha akaondoa mkono wake juu ya sanduku, akaufuta kwenye kanga.

"Basi Silas ameondoka kweli," akasema.

Jamani, Abdinur angepewa nafasi ya kuirudisha ile kutu angeirudisha. Alitamani arushe mkebe na sapulai yake mtoni. Akashika bisibisi ili azime, afunge, aombe radhi aende zake. Lakini Priscilla alikuwa amekwisha kusimama juu ya kigoda anateremsha mkebe wa biskuti. Akatoa kaseti, akampa. Akasema aweke hivyohivyo, asikie wimbo, waende.

Akaiweka. Akapandisha sauti pale ilipokuwa ikipandishwa siku zote.

Kwanza ulikuja mchakacho wa utepe. Halafu, katika kimya kile, vyura. Wote wawili wakageuka kutazama dirishani, kumbe vyura walikuwa ndani ya kaseti. Usiku wa zamani wa Kulesa, na mbwa wa mtu anabweka mbali. Kigoda kikaburutwa. Abdinur aliisikia kaseti ile mara zisizo na idadi, na hakuwahi kuwasikia vyura wale. Sehemu hiyo siku zote ilikuwa imefunikwa na mvumo.

Sauti ya Silas ikaja, ndogo, ya mtu asiyejua kama anarekodiwa. Alizungumza Kipokomo chao cha nyumbani, na Abdinur alikielewa tangu zile safari zake za ujana.

"Imeanza kuzunguka?"

"Nitajuaje mimi? Fundi si wewe?" Sauti ya msichana, ina kicheko ndani yake.

Priscilla akashika mdomo. Ilikuwa sauti yake.

"Unajua, Abdi anasema kweli," Silas akasema. "Mashine inakoroma. Mimi naisikia mpaka nikiwa shambani."

"Basi mwache aitengeneze."

"Nimwache? Akishaitengeneza atakuja tena hapa kufanya nini?" Vyura wakasikika. "Iache ivume. Usimwambie, Priscilla."

"Simwambii."

Silas akakohoa kusafisha koo. Halafu wimbo ukaanza, ule wa kuwafukuza kwelea, kwa sauti nene iliyojaa chumba chote na kutoka kupitia ufa mpaka mtoni, na nje Griffin akaacha kufunga magodoro.

Abdinur alikuwa amesimama na bisibisi mkononi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa anaziona zile safari zote, kapasita mpya, waya wa kuhamishwa, hilo liache mpaka siku nyingine, wali unapoa. Na ile simu ya mwaka mbaya.

"Mshenzi wewe," aliiambia spika. "Mshenzi wewe, Silas."

Priscilla alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, ukingo wa kanga umebanwa kwenye meno. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyeizima kaseti. Iliendelea kuzunguka tupu mpaka ikajikata yenyewe. Akarudisha mkono wake juu ya sanduku.

"Nilisahau kabisa," akasema. "Lakini sikukwambia, shemeji."

"Hukuniambia."

Griffin akaja mlangoni, macho mekundu, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kulichukua. Akalinyanyua sanduku na kushangaa uzito wake, na mama yake akamwambia alibebe vizuri, aliweke mbele, kwenye miguu yake yeye mama, si nyuma na magodoro. Kisha Priscilla akafunga mlango wa nyumba, akaujaribu kama umefungika, akapanda.

Gari lilipowashwa, alimwita Abdinur dirishani.

"Malindi si mbali sana," akasema. "Ikianza kuvuma, nifanyeje?"

Sapulai ya swichi haivumi. Itakufa siku yake ikifika, lakini kuvuma, haivumi, na Garsen nzima hakuna aliyelijua hilo kumshinda Abdinur.

"Nipigie, shemeji," akasema. "Nitakuja niitazame."